Mkandarasi Anapoingia Kwenye Shimo Lako: Kazi Zinazobaki kwa Mwajiri

Meneja wa kiwanda cha chai Mufindi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mbarali, mhasibu wa shule ya bweni Iringa, mwenye kituo cha mafuta kando ya barabara ya Tunduma: wote huuliza swali moja. "Kazi nimempa mkandarasi, mkataba tumesaini. Usalama si ni juu yake?"

Watu wake, vifaa vyake na namna anavyofanya kazi, ndiyo, ni juu yake. Lakini shimo ni lako. Wewe ndiye unayejua lilikuwa na nini wiki iliyopita, bomba gani linamwaga ndani yake, na swichi ipi ikiwashwa na mtu asiyejua itazungusha mtambo wakati fundi yumo ndani. Mkandarasi kafika leo asubuhi na gari lake. Hawezi kuyajua hayo usipomwambia. Mwongozo huu unahusu zile kazi ambazo huwezi kuzikabidhi pamoja na zabuni.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu. Hapa kwetu Tanzania msingi ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, Na. 155 wa 1981, ibara ya 17, unasema waajiri wawili au zaidi wakifanya shughuli kwa wakati mmoja eneo moja, lazima washirikiane katika usalama. Marekani walitoa mwaka 1993 kanuni inayotenganisha wazi kazi za mwenye eneo na kazi za mkandarasi kwenye sehemu za aina hii. Si sheria yetu, ila mgawanyo wake ni mzuri na nimeufuata humu.

Ninaposema "shimo" nina maana ya sehemu yoyote ambayo mtu anaingia mwili mzima, kutoka kwake ni kwa shida, na haikujengwa ili watu wakae humo. Karo la majitaka, kisima, kihenge cha nafaka, boila, tangi la mafuta, tangi la maziwa, tangi la kuchachushia kahawa kule Mbozi, mtambo wa baiogesi, shimo la silaji (majani ya mifugo yaliyofukiwa yachachuke), hata tangi la maji la chuma lililofungwa muda mrefu. Hilo la mwisho watu hulicheka. Kutu hula oksijeni, na tangi tupu lililofungwa miezi kadhaa laweza kuwa halina hewa ya kumtosha mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usipange tarehe ya kazi kabla hivi havijapatikana, viwe vyako au vya mkandarasi:

- Kipima gesi cha kubeba mkononi chenye vihisi vinne: oksijeni, gesi za kulipuka, kaboni monoksaidi na salfidi ya haidrojeni (ile yenye harufu ya yai viza). Kiwe na mpira mrefu wa kufikia chini ya shimo, na kiwe kimehakikiwa kwa gesi ya majaribio.
- Feni ya kupuliza hewa, au blowa, yenye bomba pana la kufika chini.
- Tripodi (stendi ya miguu mitatu) na winchi ya kumwinua mtu, pamoja na mkanda wa mwili mzima. Mkanda wa kiunoni haufai. Utamwinua mtu amejikunja, na kwenye mdomo wa shimo hapiti.
- Kufuli na kadi za onyo za kutosha, kila kufuli na ufunguo wake mmoja.
- Taa za umeme mdogo, volti 12 au 24. Palipo na gesi ya kulipuka, tochi iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu hizo.
- Fomu ya kibali, na mtu wa kwako mwenye mamlaka ya kuisaini na kuifuta.

Barakoa ya kitambaa haimo kwenye orodha, wala ile yenye chujio. Chujio huchuja tu, halitengenezi oksijeni.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu mashimo yako. Zunguka eneo lote na fundi wako mwenye umri mkubwa kuliko wote kazini. Yeye ndiye anayekumbuka shimo lililofunikwa kwa zege wakati wa meneja wa kabla ya aliyekuwepo. Andika kila moja: lilipo, lina kina gani, lina nini, mabomba yanayoingia na kutoka. Kila mdomo uwekwe kibao: HATARI, USIINGIE BILA KIBALI. Hii ni kazi ya siku moja na haihitaji mkandarasi.

2. Uliza kama kuna haja ya mtu kuingia. Hatua hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Karo hunyonywa na gari la majitaka mtu akiwa juu. Ufa ndani ya tangi unaweza kuonekana kwa simu iliyofungwa kwenye fito pamoja na taa. Nafaka iliyogandamana ukutani husukumwa kwa mti mrefu kupitia tundu la juu. Pampu iliyozama huvutwa kwa mnyororo wake, kama aliyeifunga aliacha mnyororo. Mkandarasi akikwambia "lazima tuingie", mwulize ni kazi gani hasa haiwezekani kutokea nje. Mara nyingine jibu lipo. Mara nyingi hana, amezoea tu.

3. Chagua mkandarasi kwa maswali, si kwa bei peke yake. Nani ataingia, na amefundishwa lini? Nani atakaa mlangoni? Kipima gesi kiko wapi? Nionyeshe. Mtu akizimia ndani, mtamtoaje bila mwingine kuingia? Swali hili la mwisho liulize, kisha nyamaza umsikilize. Akisema "tutaingia haraka tumtoe", huyo bado.

Angalia usajili wake na ushahidi kwamba anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Halafu uliza jambo ambalo wengi hawaulizi: wanaoingia ni wafanyakazi wake, au ni deiwaka atakaowaokota kijiweni asubuhi hiyo? Kijana aliyechukuliwa stendi saa moja asubuhi na kushushwa karoni saa mbili hajafundishwa na yeyote, na mkandarasi mwenyewe huenda hajui hata jina lake la ukoo. Andika kwenye mkataba kwamba majina ya watakaoingia yaletwe kabla ya siku ya kazi, na getini aingie mwenye jina tu.

4. Mpe historia ya shimo kwa maandishi. Hapa ndipo wajibu wako ulipo mzito zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karatasi moja inatosha, ila iwe na ukweli wote. Shimo lilikuwa na nini, na mara ya mwisho lini. Dawa gani za kusafishia zilipitishwa. Mabomba gani yanaingia, hata yale "yasiyotumika". Ni kitu gani kiliwahi kutokea humo: mtu kusikia kizunguzungu, harufu kali, ukuta kumeguka. Na sababu hasa ya wewe kuiita sehemu hiyo hatari.

Nyanda zetu za juu zina mambo yake, na usidhani kila mkandarasi anayatambua, hasa akitoka mbali:

*Hewa ya ukaa (kaboni dayoksaidi).* Rungwe hewa hii hutoka ardhini yenyewe. Karibu na mlima Kyejo huvunwa kibiashara. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala kwenye mabonde, visimani na kwenye misingi iliyochimbwa. Hutoka pia kwenye matangi ya kuchachushia, iwe kahawa au pombe. Sasa shika hili: kile kipima cha vihisi vinne hakiipimi. Shimo likiwa na asilimia 5 ya hewa ya ukaa, kiasi cha kumdhuru mtu vibaya, oksijeni itakuwa imeshuka tu kutoka 20.9 hadi karibu 19.9, na kipima hakitapiga kengele. Fundi ataona taa ya kijani na kushuka. Palipo na uchachushaji, na kwenye visima na mashimo ya upande huo wa Rungwe, dai kihisi cha tano cha hewa ya ukaa.

*Vidonge vya kufukizia nafaka.* Vidonge vya fosfaidi ya aluminiamu vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, nayo inaua kwa kiasi kidogo sana. Nayo haimo kwenye vihisi vinne. Kama kihenge au ghala limefukizwa, mkandarasi ajue tarehe, kiasi kilichowekwa na siku lilipofunguliwa.

*Nafaka yenyewe.* Mtu akisimama juu ya mahindi wakati parafujo ya kutolea nafaka inavuta chini, ndani ya sekunde chache hawezi kujinasua, na kabla ya nusu dakika anaweza kuwa amefunikwa. Pia mahindi yaliyopata unyevu hujenga ganda juu, chini pakawa patupu. Ukikanyaga unatumbukia.

*Silaji.* Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa: siku chache za kwanza baada ya kujaza, silaji hutoa gesi ya nitrojeni dayoksaidi yenye rangi ya kahawia inayounguza mapafu, na hatari huendelea hadi wiki tatu hivi. Anayeivuta anaweza kujisikia nafuu, akaenda nyumbani, hali ikabadilika usiku.

*Majitaka.* Salfidi ya haidrojeni hunuka ikiwa kidogo. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuisikia ndani ya dakika chache. Harufu ikitoweka, usiseme hewa imesafika.

Mkandarasi akishasoma karatasi, mpeleke shimoni kwa miguu, mwonyeshe. Kisha asaini kwamba amepokea, na wewe ubaki na nakala.

5. Funga vyanzo vyote, wewe mwenyewe. Umeme, maji, mvuke, mafuta, nafaka: ni vyako, na fundi umeme wako ndiye anayejua swichi ipi ni ipi. Azime, afunge kwa kufuli, kisha ajaribu kuwasha kuhakikisha hakiwaki. Mkandarasi naye aweke kufuli yake juu ya ile yako, na kila anayeingia aweke yake. Ufunguo unakaa mfukoni mwa mwenye kufuli. Hauning'inizwi ukutani ofisini.

Valvu iliyofungwa haitoshi, maana valvu huvuja. Kwa bomba la mvuke, gesi au kemikali, tenganisha bomba kabisa au weka sahani ya chuma katikati ya kiungo. Kwa boila ya kuni, mpe muda ipoe kweli. Majivu yaliyofunikwa hukaa na moto ndani kwa siku, na yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi. Karo nalo lina vyanzo: mabweni yote yanayomwaga humo. Shule iwe likizo, au vyoo vifungwe na watu waambiwe.

6. Pitisha hewa, kisha pima. Fungua mdomo, weka blowa upande wa hewa safi, bomba lifike karibu na chini. Jenereta na gari viwe mbali, upande ambao upepo unaelekea. Blowa inayonyonya moshi wa jenereta inalijaza shimo kaboni monoksaidi kwa bidii kubwa. Ikiwa unajua kulikuwa na gesi ya kulipuka, blowa na bomba lake viwe vya aina isiyotoa cheche.

Kwa makadirio, wengi huanza kwa kubadilisha hewa yote mara saba. Tangi la mita 3 kwa 2 kwa 2 lina mita za ujazo 12, mara saba ni 84. Blowa ya mita za ujazo 10 kwa dakika itamaliza kwa dakika kama tisa. Mimi huipa robo saa na zaidi, kwa sababu kona hazipati hewa sawa na katikati. Lakini saa haiamui. Kipima ndicho kinachoamua.

Washa kipima na ukiweke sawa kwenye hewa safi palepale kazini. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe inakaribia 2,000. Asilimia ya oksijeni ni ileile 20.9, ila mgandamizo wa hewa ni mdogo, na baadhi ya vihisi vilivyowekwa sawa Dar es Salaam husoma pungufu vikifika huku. Kisha pima juu, katikati na chini, mtu akiwa nje, ukisubiri kila kina mpaka namba zitulie. Mpira mrefu unahitaji muda hewa ifike kwenye kihisi.

Viwango ambavyo vipima vingi huja vimewekwa:

- Oksijeni: kati ya 19.5 na 23.5. Ikizidi pia ni hatari, kila kitu huwaka kwa kasi.
- Gesi za kulipuka: chini ya asilimia 10 ya kiwango cha chini cha mlipuko. Kwa methani hiyo ni karibu nusu asilimia ya hewa.
- Kaboni monoksaidi: chini ya sehemu 35 kwa milioni.
- Salfidi ya haidrojeni: chini ya sehemu 10 kwa milioni.

Namba moja tu ikikataa, hakuna anayeingia. Namba zikikubali, kipima kinashuka na mtu, kikiwa kimewashwa, na blowa haizimwi.

Onyo mara tatu. Moja: msishushe mshumaa wala koroboi. Karoni methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15, na moto kuendelea kuwaka hauwaambii lolote juu ya kaboni monoksaidi au salfidi. Mbili: msifungulie mtungi wa oksijeni wa kuchomelea ili "kuongeza hewa". Nguo zenye oksijeni nyingi huwaka mwilini kwa cheche moja. Tatu: pampu ya petroli haishushwi kisimani. Kila aliyewahi kukausha kisima Nyanda za Juu amefikiria kufanya hivyo, kwa sababu kutoka juu haivuti. Tafuta pampu ya umeme ya kuzamisha.

7. Andika kibali. Kibali ni cha shimo moja, kazi moja, zamu moja. Kiwe na majina ya wanaoingia, aliye mlangoni, vipimo na saa vilipochukuliwa, kufuli zilizowekwa, namna ya kuokoa, na saa kibali kinapokwisha. Kisainiwe na mtu wako pamoja na msimamizi wa mkandarasi, wakiwa shimoni. Kibali kilichosainiwa ofisini kwenye chai ya saa nne ni karatasi tu. Wakitoka kula na kurudi, pimeni upya na muandike.

8. Hakikisha kuna mtu mlangoni. Kazi yake ni moja: kukaa hapo, kuhesabu waliomo, kuzungumza nao, na kuita msaada. Haletewi spana nyingine ashike, hatumwi dukani kununua maji. Tena anafundishwa, kwa maneno ya wazi mbele ya wote, kwamba yeye haingii, hata aliyemo awe mdogo wake. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu za namna hii ni watu walioingia kuokoa. Ndiyo maana mashimo huua watu wawili au watatu kwa mpigo, mara nyingi wa familia moja.

9. Panga uokoaji, kisha ufanyieni mazoezi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Wapigie, lakini usiwafanye kuwa mpango wako. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita, na wewe upo mwisho wa barabara ya udongo, mwezi wa tatu, mvua inanyesha. Aliyezimia lazima aanze kuinuliwa na walio nje, palepale, kwa winchi aliyokwisha kufungwa kabla hajashuka.

Jaribuni kwa gunia la mahindi. Lifungeni kwenye mkanda, lishusheni mpaka chini, kisha mlinyanyue kwa winchi mkiwa na saa mkononi. Hakikisha kwanza uzito hauzidi ule ulioandikwa kwenye winchi. Zoezi hili hufichua mengi: tripodi haikai sawa kwenye mfuniko uliovunjika, kamba ni fupi, mdomo ni mwembamba kuliko mabega ya mtu.

Boila na matangi yenye mlango wa ubavuni ni tatizo jingine, tripodi haisaidii. Kamba ikivutwa pembeni hukwama kwenye mabomba ya ndani. Hapo unahitaji waokoaji waliofundishwa wenye mitungi ya hewa ya kupumua, wakiwa wamesimama tayari nje. Kama huna na mkandarasi hana, kazi hiyo hamjawa tayari nayo.

10. Waunganishe wote walio eneo hilo. Mwajiri ndiye pekee anayeona picha nzima. Mkandarasi wa kwanza yumo tangini anapaka rangi, wa pili anachomelea mabano juu ya tangi hilohilo, dereva wako wa lori kaegesha akiunguruma kando ya blowa. Kila mmoja amefuata taratibu zake. Asubuhi waite wote, hata wakata nyasi, waeleze nani yuko wapi mpaka saa ngapi. Kazi ya moto na kazi ya shimo visikae pamoja bila kibali cha pili. Mkibadilishana zamu, anayepokea zamu ya umeme aambiwe kuna watu ndani.

11. Funga kazi. Hesabu watu, hesabu vifaa, funika shimo, kila mtu atoe kufuli yake mwenyewe. Kufuli ya aliyeondoka haikatwi mpaka apatikane kwa simu na ionekane kwa macho kwamba hayumo. Kisha keti na mkandarasi dakika kumi umwulize: mmekuta nini ambacho hakikuwa kwenye karatasi yangu? Atakachosema kiingie kwenye historia ya shimo. Kama kuna aliyeumia, taarifa inakwenda OSHA na WCF, na kabla hawajafika eneo libaki lilivyo.

Mambo yakienda kombo

*Oksijeni inagoma kupanda ingawa blowa inapuliza.* Bomba limejikunja, au halijafika chini, au hewa inatoka palepale inapoingilia. Lisogeze. Oksijeni ikigoma bado, kuna kitu humo kinachoila oksijeni au kinachotoa gesi mfululizo, kama tope. Nyonyeni tope kwanza.

*Vipimo vilikuwa vizuri, wameanza kukoroga tope na kengele imelia.* Ni kawaida ya majitaka, gesi hujificha ndani ya tope na hutoka likichokonolewa. Wote watoke, papo hapo, bila kumalizia ndoo iliyobaki. Ongezeni hewa, pimeni upya, andikeni kibali upya.

*Kipima hakikai sawa hata kwenye hewa safi.* Kihisi kimechoka. Vihisi vya oksijeni vingi hukaa miaka miwili au zaidi kidogo, kiwe kinatumika au kimelala kabatini. Usikitumie "kwa makadirio".

*Mkandarasi ni mtu mzima, anasema: "Mwanangu, haya makaro nimeingia toka hujazaliwa."* Mheshimu, mpe kiti. Kisha mwambie: "Shikamoo mzee, kibali nasaini mimi, na bila vipimo sisaini." Usibishane naye juu ya uzoefu wake. Huna haja ya kushinda mjadala, una kalamu.

*Hakuna kipima cha kukodi mjini.* Uliza viwanda vikubwa vya jirani vyenye idara ya usalama, au mpe mkandarasi jukumu la kukileta na ulipie gharama waziwazi kwenye zabuni. Kikikosekana, rudi hatua ya 2 au sogeza tarehe.

*Mvua imeanza.* Kwa karo, mtaro na kisima, watu watoke. Maji ya juu huja haraka, na kuta za udongo hulegea.

*Bosi wa juu anapiga simu kuuliza kwa nini kazi ya asubuhi haijaanza mpaka saa saba.* Mpe namba ulizosoma kwenye kipima, si maelezo. "Oksijeni ni 17.2, bosi, tunapuliza." Wachache huendelea kuuliza baada ya hapo.

*Mtu wa mlangoni ametoweka.* Waliomo watoke mpaka apatikane mwingine, na jina lake liandikwe kwenye kibali kabla yeyote hajashuka tena.